Kifungu cha Kumi na Moja

Nilistaafu mwezi wa tano. Kabla sijazoea kuamka bila funguo mfukoni, vijana watatu wanaofanya kazi kama yangu hapa Stockholm waliniomba niwaandikie nilivyodumu miaka kumi na mbili katika nyumba ya wanasheria bila kugombana na hata mmoja wao. Jibu fupi ni kwamba wenyewe walikuwa na shughuli nyingi za kugombana wao kwa wao. Jibu refu ndilo hili.

Kazi yangu Waswidi wanaiita vaktmästare. Ni mtu wa funguo, viti, kahawa, maikrofoni, na changarawe ya kumwaga mlangoni ili wakubwa wasiteleze kwenye barafu. Kule kwetu Bukavu nilikuwa karani wa mahakama. Nilipiga mihuri, nilisoma hukumu kwa sauti, na nilijua kila faili lilipo, hata yale ambayo mahakimu walitamani yapotee. Vita vikatuleta Husby, mtaa wa wahamiaji pembezoni mwa Stockholm, mimi, mke wangu Furaha na binti yetu Neema. Ofisi ya ajira ikasoma karatasi zangu ukurasa kwa ukurasa, ikanisifu sana, kisha ikanipeleka kubeba viti.

Aliyenipokea ni Aino, mama wa Kifini aliyekuwa amebakiza miezi minne astaafu. Nyumba yenyewe iko Östermalm, mtaa wa matajiri, jengo la mawe la ghorofa tatu ambalo tajiri mmoja wa zamani aliliachia chama cha wanasheria. Sitakitaja jina. Chini ni ukumbi, katikati ni maktaba, juu kuna makao madogo chini ya paa. Siku ya kwanza Aino hakunionyesha jengo. Alinikalisha jikoni akanimiminia kahawa.

"Humu kuna makabila mawili," akaniambia. "Wahafidhina wanataka katiba isomwe kwa maana iliyokuwa nayo siku ilipoandikwa. Wapenda uhuru wanataka isomwe kama mkataba wa kuifunga serikali mikono na miguu. Wote wawili wanamwaga kahawa."

"Wanatofautianaje nikiwaona?"

"Wahafidhina wanarudisha vikombe. Wapenda uhuru wanaamini kikombe kitajirudisha chenyewe, mradi asiwepo mtu wa kukizuia."

Nilidhani anatania. Wiki mbili baadaye nilikuwa nazunguka maktaba nikiokota vikombe vya watu huru.

Somo lake la pili ndilo ninalowaachia ninyi kama fundisho kubwa la kazi: maikrofoni usimpe mtu. Ishike mwenyewe, uipeleke mdomoni kwake, mkono wako usitoke. Mwanasheria akishaishika anageuka mwenye mali, na kumnyang'anya mwenye mali mbele ya watu wale ni jambo zito. Mwaka wangu wa kwanza kijana mmoja aitwaye Jonatan alinipokonya maikrofoni, akaeleza kwa dakika arobaini kwa nini barabara zote za Stockholm zingepaswa kuwa za watu binafsi. Alipomaliza alitoka mbio ili asikose treni ya manispaa.

Mtu mwingine wa kumjua ni Jaji Hedenskog. Alikuwa jaji mstaafu, mrefu, mkavu kama kiti cha kanisani, na mhafidhina kuliko wote. Hakuwahi kuniita kwa jina. Alisema nami kwa desturi ya zamani ya Kiswidi, kana kwamba namzungumzia mtu wa tatu aliyesimama kando yetu. "Vaktmästare ameona mwavuli wangu?" "Vaktmästare anadhani theluji itaanguka?" Mara ya kwanza niligeuka nyuma kutazama ni nani anayeulizwa.

Wa tatu alikuwa Wakili Ramsjö, mwenyekiti. Huyu aliniita Deo, alinipiga begani, alimuulizia Furaha. Alikuwa na sauti nzuri na suti nzuri, na alikuwa na hotuba moja, ambayo niliisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kummalizia akisahau. Hakimu anayegundua maana mpya katika maneno ya zamani, alisema, ni mwizi aliyevaa joho. Maneno ni maneno. Hapo hugonga meza, nami hushika glasi ya maji isianguke.

Miaka ile mjadala mkubwa ulikuwa juu ya neno moja katika sheria ya msingi ya Uswidi. Ilisemwa kwamba mahakama isiache kutumia sheria iliyopitishwa na bunge ila kama sheria hiyo inagongana na katiba kwa namna iliyo wazi kabisa. Neno hilo, "wazi," liligawa ukumbi wangu. Wapenda uhuru walitaka liondolewe ili majaji wapate meno. Nusu ya wahafidhina waliogopa majaji wenye meno kuliko bunge lenyewe. Nilipanga viti kwa ajili ya neno hilo majira ya baridi manne mfululizo. Nikirudi Husby, majirani zangu wanaosafisha ofisi za Kista na kuogesha wazee waliniuliza wakubwa wameamua nini. Nilijibu: bado hawajakubaliana kama kilicho wazi kiko wazi.

Mwaka wangu wa sita ndipo mambo yalipogeuka yakanikabili mimi.

Wakili Ramsjö aliniita maktaba, akanipiga bega mara mbili badala ya moja. Nikajua kuna jambo.

"Deo, rafiki yangu. Bodi inataka kazi ya jengo ifanywe na kampuni kutoka nje. Si kwa sababu yako. Ni suala la msingi. Chama kinachohubiri uhuru wa mikataba hakiwezi kuishi kama kijiji cha zamani."

"Na mimi?"

"Kampuni inaweza kukuchukua. Inategemea wao. Ni watu huru."

Akaniomba nikitoka nilete kahawa.

Nilikwenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mama yule alinisikiliza vizuri, akaniambia ukweli: mwajiri akisema kazi haipo tena, ni lazima afanye mazungumzo nao, lakini mwisho wa mazungumzo uamuzi ni wake. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ninyi vijana mtaona ni umri tu. Katika mji huu, mkimbizi wa miaka hamsini na tisa asiye na kazi anabaki kukaa kwenye benchi ndani ya jengo la biashara la Kista, akitazama ngazi za umeme zikipanda bila yeye.

Wiki iliyofuata niliagizwa kutoa nakala za makaratasi ya mkutano mkuu, pamoja na katiba ya chama, nakala themanini na nne. Wanachama walipewa katiba hiyo kila mwaka, na kila mwaka niliikuta chini ya viti. Lakini mimi nilikuwa karani. Karani hapitishi karatasi mkononi bila kuisoma, ni ugonjwa. Nikiwa nimesimama kwenye mashine nilifika kifungu cha kumi na moja, cha Kiswidi kile cha zamani chenye vitenzi virefu. Nilikisoma mara tatu, kisha nikampigia Neema, aliyekuwa anasoma sheria chuoni, ili nihakikishe sijaota.

Kilisema hivi: katika nyumba kutakuwa na vaktmästare, naye atakaa humo, katika makao yaliyo chini ya paa, na atapewa kuni za kutosha majira ya baridi.

"Pappa," Neema akasema, akaendelea kwa Kiswidi kama kawaida yake, "hiki hakijafutwa?"

"Hakijafutwa. Nimekitoa nakala themanini na nne."

Kule juu chini ya paa Wakili Ramsjö alikuwa anaweka skii zake, fimbo za gofu na kochi la kupumzikia. Alipaita chumba cha kutafakari.

Mimi sikuwa mwanachama, sikuwa na haki ya kusema mkutanoni. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo siku zile lilinitoa jasho. Siku ya mkutano, Jaji Hedenskog alipofika na kunikabidhi koti, nilimpa namba ya koti pamoja na karatasi iliyokunjwa kwenye kifungu cha kumi na moja. Alivaa miwani, akasoma palepale. Uso haukubadilika.

"Vaktmästare ametoa nakala kwa wote?"

"Kwa wote, Bwana Jaji."

"Vizuri," akasema, akaingia ukumbini bila kuniangalia.

Mkutano ulikuwa wa mchana, jua la mwezi wa tatu likipiga madirishani. Ramsjö alisoma pendekezo la kampuni. Jonatan, ambaye sasa alikuwa na ndevu na nafasi katika bodi, akaliunga mkono. Ndipo Jaji akanyoosha mkono. Nilimpelekea maikrofoni, naye akasoma kifungu taratibu, mpaka nukta ya mwisho.

Nimeshuhudia watu wakipokea hukumu ya miaka ishirini jela. Sikuwahi kuona uso uliobadilika rangi kama wa Ramsjö pale Jaji alipofika kwenye kuni.

"Ndugu zangu," akaanza, "tusiwe watumwa wa herufi. Lazima tujiulize kusudi la mwandishi lilikuwa nini. Nyakati zimebadilika. Mwanzilishi wetu hakuweza kuzijua kampuni za usafi. Katiba ya chama ni kitu kinachoishi."

Nadhani hata yeye mwenyewe aliyasikia maneno yake. Miaka sita alikuwa anatuhubiria juu ya mwizi aliyevaa joho, na sasa tulikuwa tunamtazama anavyolifunga vifungo.

Jaji akauliza, "Mwenyekiti anasema maneno ni nini?"

Mtu akacheka nyuma. Jonatan akaomba nafasi. Akasema ana wazo: neno vaktmästare halisemi ni mtu. Kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa vaktmästare.

"Kampuni haikai chini ya paa," Jaji akajibu. "Na kampuni haisikii baridi, kwa hiyo haihitaji kuni."

Jonatan alisimama pale, mdomo karibu na maikrofoni yangu, nikimwona anavyohangaika. Hapa lazima nimtendee haki. Alikuwa kijana wa kuchosha lakini hakuwa mwongo. Hatimaye akasema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba kila mwanachama alipojiunga alikubali katiba hii kwa hiari yake. Kwamba huo ni mkataba. Na kwamba yeye hawezi kusema mikataba ni mitakatifu siku zote ila leo. Akakaa chini. Alikuwa amelowa jasho.

Ramsjö akamgeukia Jaji. "Gustaf, wewe mwenyewe unataka kampuni. Uliniambia."

"Nataka sana," Jaji akasema. "Hiki kifungu ni cha kipumbavu. Nyumba ina mabomba ya kupasha joto. Lakini kama tunataka maneno mengine kuna njia ya kuyapata, nayo imeandikwa kifungu cha ishirini: theluthi mbili za kura, mikutano mikuu miwili mfululizo. Tuifuate. Kuyafuta maneno kwa kujifanya hatuyaoni ni kazi ya watu ambao mwenyekiti amekuwa akituonya juu yao."

Wakapiga kura. Pendekezo la kampuni likaanguka.

Nilikuwa nimeanza kupumua Ramsjö aliposimama tena. Alikuwa amepata tabasamu lake. "Basi tufuate maneno yote," akasema. "Imeandikwa atakaa humo. Haikuandikwa akipenda. Naomba bodi ihakikishe kwamba Deo anahamia kabla ya majira ya joto."

"Bila shaka," akasema Jaji.

Mkono wangu ulioshika maikrofoni ukashuka wenyewe.

Walipokuwa wanaondoka nilimletea Jaji koti lake nikaanza kumshukuru. Alinikatiza.

"Vaktmästare asinishukuru. Ningepata njia ya haki ya kumnyima, ningemnyima."

"Najua, Bwana Jaji," nikamwambia. "Ndiyo sababu nashukuru. Kwetu nilifanya kazi na mahakimu walionipenda sana."

Alisimama kidogo na koti mkono mmoja, kisha akavaa mkono wa pili akaenda zake.

Sasa rudini nami Husby. Furaha alikuwa jikoni, ametoka kazini kwa wazee wake, anasonga bukari, ugali wa kwetu. Nilimweleza yote, tangu mashine ya nakala. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba Neema. Umetoka hapa kwenda kutetea kazi, umerudi umetufukuzisha nyumbani?"

"Hatujafukuzwa. Tumepewa makao."

"Nani aliyaomba? Hii nyumba tumeipangia foleni miaka mingapi? Hapa nikifungua dirisha namsalimia Mama Esperance. Kule nitamsalimia nani, sanamu?" Kisha akasema jambo lililoniumiza kwa kuwa lilikuwa kweli: "Vraiment, kweli kabisa, ulipenda kushinda. Ukasahau kusoma mpaka mwisho."

Nilikuwa nimesoma mpaka mwisho mara tatu. Lakini nilisoma "atakaa" kama zawadi. Haikunipitia akilini kwamba neno hilohilo ni amri. Karani mzima! Niliwacheka wale watu miaka sita kwa kuona katika maandishi kile wanachokitaka tu.

Neema ndiye aliyetutoa kwenye shida hiyo. Alisoma sheria ya upangaji, akatuambia kwamba mtoto anayeishi na wazazi anaweza kuomba mkataba uhamishiwe kwake. Mwenye nyumba akakubali. Neema akabaki Husby na vyumba vitatu peke yake, akasema kwa Kiswidi kwamba katika mijadala yote ya katiba aliyowahi kusoma, huu ndio wenye matokeo bora.

Tukahamia chini ya paa. Ramsjö alishusha skii zake mwenyewe, sikumsaidia, mgongo uliniuma siku hiyo. Furaha hakusema nami wiki nzima isipokuwa kuhesabu ngazi kwa sauti, themanini na sita. Lakini Furaha si mtu wa kukaa amenuna. Mwezi wa kumi lori likamwaga kuni za mti wa birchi uani, maana Jaji aliandikia bodi barua tatu kuhusu kuni. Kulikuwa na jiko la zamani la vigae pale juu, linafanya kazi. Furaha aliliwasha, akavua soksi, akasema Mungu anisamehe, hapa pana joto kuliko Husby. Kabla ya Krismasi kwaya ya wamama wa kanisa letu ilikuwa inafanya mazoezi juu ya vichwa vya wanasheria kila Jumamosi. Jirani mmoja akalalamika. Bodi ikatafuta kifungu kinachokataza nyimbo. Hakikuwepo.

Na theluthi mbili? Walijaribu kila mwaka. Wote walitaka kifungu kifutwe, ila hawakukubaliana kiandikwe nini badala yake. Wahafidhina walitaka "vaktmästare mwenye mwenendo mwema." Wapenda uhuru walitaka "huduma kwa mkataba huru," bila mtu. Kila upande uliambulia karibu nusu ya kura. Katika miaka hiyo bunge lilirekebisha sheria ya msingi ya Uswidi, lile neno "wazi" likaondolewa, ukumbini wakafungua shampeni. Nilipowamiminia niliona nchi nzima imemaliza kubadili katiba yake, na chama changu hakijaweza kuniondoa mimi kwenye ghorofa ya tatu.

Jaji alipanda ngazi zile mara moja kila mwaka, kukagua kama kuni zimeletwa. Alihesabu, akaandika kwenye kijitabu, akashuka. Mwaka wa nne alikuwa amechoka, akashika mlango. Furaha akamwambia aketi, na hakumuuliza kama anataka kula. Alimwekea bukari na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akamwekea na maji ya kunawa. Yule mzee alikula kwa mkono, taratibu, kama anayesoma.

"Vaktmästare ana mke anayepika vizuri," akaniambia.

Furaha aliweka sahani chini. Kwa Kiswidi chake cha kazini, cha wazee wa kuogeshwa na kubembelezwa, akamwambia: "Gustaf. Ana jina."

Nilitaka sakafu inimeze. Hakuna aliyemwita Jaji hivyo pale isipokuwa Ramsjö.

"Kifungu hakitaji jina," Jaji akasema.

"Mimi si kifungu. Mimi ndiye niliyepika."

Akamega tonge. Kisha akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza, akasema, "Déogratias," kwa Kilatini safi kuliko padri aliyenibatiza. "Nimelijua tangu siku ya kwanza. Liko kwenye orodha ya wafanyakazi." Na baada ya kumeza tonge: "Bado naona usingepaswa kuwa hapa."

"Najua, Bwana Jaji."

"Samaki wapo zaidi?"

Alifariki majira ya masika, miaka miwili kabla sijastaafu. Mazishini Ramsjö alimsifu kuwa mtu aliyeheshimu maneno. Mkutano mkuu uliofuata walikubaliana wote kwa haraka ya ajabu, na uliofuata tena wakakamilisha: kifungu kikafutwa chote, vaktmästare, makao, kuni. Walifanya kwa njia yake, mikutano miwili, theluthi mbili. Sikuwa na la kusema, na nilikuwa nimefika umri. Mimi na Furaha tukapata nyumba Hässelby, mwisho kabisa wa reli ya kijani, ghorofa ya chini.

Jumamosi moja mwezi uliopita simu ikalia mchana, tukiwa tunakunywa chai. Ramsjö. Nyuma yake nilisikia minong'ono ya ukumbi uliojaa. Kampuni ilikuwa imewaletea mtu wa nne katika miezi mitatu, na huyo siku hiyo hakuja. Mgeni kutoka ng'ambo alikuwa jukwaani kuhutubia juu ya kusoma katiba kama ilivyoandikwa, na hakuna aliyejua jinsi ya kuwasha maikrofoni.

"Fungua kabati la nyaya," nikamwambia. "Nyuma ya mlango nimebandika maelekezo, hatua kwa hatua."

Nikasikia mlango ukifunguliwa. Kisha: "Deo, hii ni lugha gani?"

"Kiswahili. Nilijiandikia mwenyewe."

"Hatuelewi hata neno moja."

Furaha alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikamwambia kwa upole, kama alivyokuwa akinipiga begani: "Kila neno hapo liko wazi, Bwana Mwenyekiti. Lisomeni tu kama lilivyoandikwa."